Jumapili Tuliyovuna Shamba la Kilimani

Grand Isle, Maine
Mwishoni mwa Oktoba

Mdogo wangu mpendwa Rosaire,

Nakusalimu sana, na kupitia kwako namsalimu shemeji yangu Priscille. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana ni ndefu, na najua mgongo wako haupendi kusimama. Vipi huo mgongo? Na macho ya Priscille, daktari amesemaje baada ya ile operesheni? Niandikieni mnieleze vizuri. Msinipigie simu tu na kusema "tupo, tupo," kama kuku wanaohesabiwa bandani.

Mimi sijambo. Nyonga mpya waliyonitia wakati theluji ikiyeyuka sasa imenizoea, au mimi nimeizoea, sijui nani alitangulia kusalimu amri. Natembea kwa fimbo hadi kanisani na kurudi. Kupanda trekta daktari bado amenikataza, na binti yako Odile amenikataza kuliko daktari. Mwenyewe hajambo. Amekonda kidogo usoni na kujaa mabegani. Anakula ploye, zile chapati zetu laini, za moto kwa siagi kila asubuhi kama aliyezaliwa huku, na Kifaransa chake, ambacho mlikiacha kikapata kutu huko Connecticut, kimerudi kiasi kwamba anaweza kutukana nacho. Mwalimu wake katika somo hilo si mimi, ni mashine ya kuvunia.

Ningeweza kukupa habari hizi kwa simu, lakini wewe kwenye simu hujawahi kuniacha nimalize sentensi tangu simu ilipoingia nyumbani kwa Baba. Karatasi haikatizwi. Kwa hiyo tulia, usiruke kurasa, nami nitakueleza mavuno ya mwaka huu kwa utaratibu, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu, jambo moja likizaa jingine.

Unakumbuka tulivyozungumza Agosti. Ulinishauri nikodishe ardhi yote kwa ile kampuni kubwa ya kusini ambayo imeshachukua mashamba ya nusu ya majirani zetu. Ulisema mzee mwenye nyonga ya chuma hana biashara na viazi. Nilikujibu kwamba nitaamua baada ya mavuno, na nilikuwa na sababu. Wanunuzi wa viazi vyetu vya mbegu waliniambia wazi kwamba mkataba wetu utaendelea ikiwa viazi vya mwaka huu vitaingia ghalani vikiwa vizima na kukaa vizima. Vikiharibika, basi. Bila mkataba huo shamba la Lizotte haliwezi kujilisha. Nilimweleza Odile vivyo hivyo, pale mezani, yeye akiwa ndiye atakayeendesha mavuno kwa kuwa mimi siwezi. Nilimwambia asibebe mzigo huo moyoni, kwamba yeye ni mfanyakazi wa bima aliyekuja kumuuguza mzee tu. Akaniuliza kama ninapenda kukodisha. Nikasema hapana. Akasema, "Basi nyamaza, Baba Mkubwa, nile."

Sasa nikueleze hali ya hewa. Najua unaijua, ulikulia humo, lakini nivumilie. Mwalimu akistaafu mshahara ndio unaokoma, mdomo haukomi.

Kiazi kilichomo ardhini ni kiumbe hai. Kinapumua, kina ngozi, kinasikia joto na baridi. Majani yanapopukutika na jua linapopungua nguvu, kiazi huwa na maadui watatu, nao hawaji pamoja. Huja kwa zamu, kila mmoja akivunja kitu alichokiacha mwenzake. Wa kwanza ni maji. Ukivuna viazi vimelowa na kuvirundika ghalani, vinakosa pumzi, vinaoza, na uozo wa kiazi husafiri kama umbea. Wa pili ni joto. Siku za mwanzo wa Oktoba jua linaweza kurudi ghafla, na kiazi kilichoingia ghalani kikiwa na joto hukaa nalo kwa wiki nyingi katikati ya rundo, kikajipika polepole. Wa tatu ni baridi, naye ni mjanja kuliko wote. Kiazi kikiwa baridi sana, nyama yake huwa kama kioo. Kikidondoka juu ya mnyororo wa mashine, nje hakuna alama yoyote, ndani kinageuka cheusi. Na jalidi kali ikiingia ardhini yenyewe, viazi vya juu huganda, na kimoja kilichoganda kikiyeyuka ghalani huharibu majirani zake wote.

Mwaka huu walikuja wote watatu.

Septemba ilinyesha. Sisemi manyunyu. Mto ulipanda hadi kwenye mizizi ya mierezi. Tulikuwa tumeshaua majani ya viazi ili ngozi ipate muda wa kukomaa chini, na ngozi ikakomaa, lakini ardhi ikawa uji. Shule zikafungwa kwa likizo ya mavuno kama kawaida, watoto wa sekondari wakatujia na buti zao na njaa zao, tayari kusimama juu ya mashine na kutenga mawe. Hakukuwa na kazi. Odile aliwakalisha ghalani wakicheza karata, akawa anawapa supu ya kuku. Kila asubuhi alitoka, akaminya udongo kiganjani, akautupa, akarudi.

Euclide Chassé yeye hakungoja. Unamjua jirani yetu, hajabadilika, ameongeza tumbo na mashine tu. Aliingia shambani na matope yake. Mashine yake ilijaa tope hadi ikafanana na kiboko, nao wanawe wakawa wanaikwangua kwa majembe kila ikifika mwisho wa tuta. Hata hivyo alipata nafasi ya kusimamisha lori lake mbele ya ghala letu na kupaza sauti kwamba amesikia binti wa bima kutoka Connecticut anangoja viazi vitoke ardhini vyenyewe, vikiwa vimevaa soksi.

Odile alitoka na bakuli la supu mkononi. Akamwambia, "Ndiyo, Mzee Euclide, navingoja. Vikitoka nitavituma kwako vikavifundishe vyako kuoga."

Watoto walicheka hadi karata zikamwagika. Euclide naye alicheka, maana hana kinyongo, akaondoka akisema kwamba ulimi wa Kilizotte hauozi hata ukilowa.

Mvua ilipokatika, ardhi ikakauka, tukaanza. Hapo likaja joto. Unazijua siku zile, anga la buluu, miti yote myekundu na ya manjano ng'ambo ya mto upande wa New Brunswick, watu wakivua makoti na kusema Mungu ni mwema. Kila mtu alivuna kuanzia alfajiri hadi giza. Odile alivuna kuanzia alfajiri hadi saa sita mchana, kisha akazima injini. Alichoma kipimajoto ndani ya nyama ya kiazi, akanionyesha, akasema vimepata jua kupita kiasi, havitapoa ghalani. Wafanyakazi walinung'unika. Mimi sikunung'unika, kwa kuwa ndiyo sayansi niliyofundisha maisha yangu yote, lakini nilikitazama kile kipande cha shamba kilichobaki nikihesabu matuta. Kujua ukweli ni kitu kimoja, na kuuamini wakati majirani zako wote wanavuna mbele ya macho yako ni kitu kingine.

Hata hivyo tulisonga mbele. Mashamba ya bondeni yaliingia, safi, makavu, ya kupendeza. Likabaki Shamba la Kilimani.

Najua hulipendi jina hilo, ndugu yangu. Ni fungu lako katika urithi wa Baba, nami nimekuwa nikililima kwa niaba yako tangu ulipoondoka. Ndilo lililokuangusha vuli ile ya ujana wako, jalidi ilipoingia kabla hujamaliza, ukavuna barafu. Lakini unajua pia, na Baba alijua, kwamba hakuna udongo unaozaa mbegu bora kuliko ule. Ubaya wake ni mawe. Mashine lazima itambae, ndiyo maana huachwa mwisho kila mwaka. Na bila viazi vya Kilimani, wanunuzi wa mbegu hawana haja na sisi.

Tulibakiwa na Jumamosi moja tu. Likizo ya mavuno ilikuwa inakwisha, Jumatatu watoto wangerudi darasani. Redio nayo ilitangaza kwamba Jumapili usiku baridi ingeshuka kutoka Quebec, si ile ya kupamba vioo vya madirisha, bali ya kuingia ardhini na kukaa.

Jumamosi tukaamka ardhi ni nyeupe. Jalidi ililia chini ya buti kama sukari inayosagwa. Bonde zima lilikuwa linanguruma injini. Euclide alikuwa kwenye kipande chake cha mwisho tangu kabla hakujapambazuka. Odile alipanda Kilimani, akafukua kiazi kwa mkono, akakichoma kipimajoto, akakisoma mara mbili. Kisha akasema hatuanzi.

Rosaire, nilisimama nimeegemea fimbo yangu na kumwambia mwanao maneno makali. Nilimwambia kwamba leo ndiyo siku ya mwisho, kwamba kiazi chenye doa ni bora kuliko kiazi kilichoganda, kwamba baba yake anaweza kumweleza jambo hilo vizuri kuliko mimi. Akanisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakulirithi kwako.

"Baba Mkubwa," akasema, "wewe mwenyewe umenifundisha pale mezani kwamba kiazi baridi ni kioo."

Nikamjibu kwamba nilifundisha hivyo kwa mwaka wenye Jumamosi nyingine mbele yake.

"Kiazi hakina kalenda," akasema. "Nikivivuna sasa vitaonekana vizuri leo, na wanunuzi wakija watavikata. Hapo tutakuwa tumevuna bure, na shamba limekwenda. Nikingoja, labda nitapoteza sehemu. Hiyo sehemu nitakayopata itakuwa nzima. Wewe unataka nini, viazi vingi au shamba?"

Akawarudisha watoto ghalani, akawakaangia ploye, akawaambia wale mpaka jua litakapomaliza kuamka. Nilikaa kwenye ndoo nikilitazama jua lile. Sijawahi kuona jua vivu namna ile.

Adhuhuri kipimajoto kilimridhisha. Tukaanza, na tulifanya kazi kama watu wanaofukuzwa, lakini mawe ni mawe. Giza lilipoingia nusu ya Kilimani ilikuwa bado chini. Watoto wakaondoka na mikono imevimba, wakituaga kwa huruma kama tumefiwa.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Sina haja ya kukukumbusha desturi yetu. Katika bonde hili mtu anaweza kuonekana amelewa Jumapili, anaweza kuonekana akigombana na mama mkwe wake uwanjani, lakini haonekani juu ya trekta. Mwaka ule wa kwako ulikuwa na Jumapili pia, ukaenda misani kama Mkristo mwema, ukarudi nyumbani ukakaa dirishani ukilitazama shamba likiganda. Nilikuwa nimekaa pembeni yako. Hakuna aliyewaza kufanya jambo jingine. Sisi ndivyo tulivyo, tungeacha mavuno yafe kuliko kuuliza.

Odile aliuliza. Akiwa bado na udongo kwenye nyusi, Jumamosi ileile jioni, alikwenda akagonga mlango wa Padre Gendreau. Padre alinisimulia baadaye kwamba alidhani kuna mtu anakata roho. Odile akamwambia kwamba anayekata roho ni kiazi, na kama kuna mafuta ya upako ya viazi, ayalete. Padre akamwambia kwamba zamani mapadre wa hapa walikuwa wakitoa ruhusa ya mavuno katika miaka mibaya, lakini hawakumpa mtu mmoja faraghani. Waliwapa watu wote, altareni, mbele ya kila mtu. Akaongeza kwamba ana miaka mingi katika parokia hii akingoja mkulima mmoja aje kumwomba, na hakuna aliyekuja, kila mmoja akiona aibu kuwa wa kwanza.

Basi Jumapili, baada ya mahubiri, Padre Gendreau alifunga kitabu chake na kusema kwamba Mungu hajapata kuomba sadaka ya viazi vilivyoganda. Ruhusa ikatolewa kwa wote. Lakini kwa sharti. Misa kwanza hadi baraka ya mwisho, na mtu asiwashe injini kabla ya kengele ya adhuhuri. "Na nikisikia trekta wakati wa komunyo," akasema, "nitaitambua sauti yake, na mwenye trekta nitamtaja kwa jina."

Watu wakacheka, kisha wakaanza kunong'ona, maana waliobakiwa na viazi walitaka kukimbilia shambani saa ileile. Adhuhuri! Nusu ya siku imekwenda! Nikamtazama Odile. Alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakitikisika. Nilifikiri analia, nikamshika mkono. Alikuwa anacheka, Rosaire. Ilikuwa asubuhi baridi kama ya jana, na hata kama Padre angemruhusu aanze alfajiri, yeye angengoja adhuhuri vilevile. Lile sharti ambalo Padre aliwatwika wengine kama msalaba, kwake lilikuwa ndiyo saa yake ya kazi.

Kengele ilipolia tulikuwa tumeshasimama Kilimani. Watoto walirudi, wote, na walileta mama zao. Wanawake wakachukua vikapu vyetu vya zamani vilivyosukwa kwa vibanzi vya mti, vile vilivyokuwa vikining'inia ghalani kama mapambo, wakafuata nyuma ya mashine wakiokota vilivyoponyoka katika mawe. Bernadette Chassé, mke wa Euclide, aliokota akiwa na viatu vyake vya kanisani. Akasema ana jozi nyingine lakini hana siku nyingine.

Na Euclide mwenyewe akaja. Alikuwa amemaliza mashamba yake yote jana yake, asubuhi ile ya jalidi, kwa hiyo nilimtegemea aje na mzaha. Alishuka kwenye lori, akamwendea Odile, akatoa kiazi mfukoni mwa koti na kukikata vipande viwili kwa kisu chake. Ndani kilikuwa na doa jeusi kama jicho la farasi. Akakishika wazi mbele yake. Odile hakumdhihaki, na hapo nilimpenda kuliko siku zote, kwa sababu alikuwa na maneno, nilimwona akiyameza. Alichukua kiazi chetu kutoka kwenye mkanda wa mashine, akampa. Euclide akakikata. Cheupe kabisa, chenye unyevu, kinang'aa. Akavigeuza vipande vyote viwili kwenye mwanga.

"Mwanabima," akasema hatimaye, "mashine yangu niilete upande upi?"

"Upande wa mawe makubwa, Mzee Euclide. Yako ndiyo yenye tumbo."

Mashine mbili zikatambaa Kilimani, moja ikipanda na nyingine ikishuka. Kazi yangu, kwa amri ya mkuu wangu, ilikuwa kusimama mlangoni mwa ghala na kushika viazi vinavyoingia, kuona kama ni vikavu, kama vina baridi, kama vina udongo mwingi. Nikavishika. Nimeshika viazi tangu nikiwa mtoto, na nakwambia, sijapata kushika viazi kama vile. Upepo ulipogeuka na kuanza kutoka kaskazini, kingo za masikio zikaanza kuuma, lori la mwisho lilikuwa linaingia. Odile alifunga milango ya ghala mwenyewe, akaziba nyufa kwa majani makavu, akaweka sikio mlangoni kusikiliza feni ikizunguka. Kisha akaketi chini pale pale, akalala usingizi ameegemea mlango, na Bernadette akamfunika koti.

Baridi ilishuka kama ilivyotangazwa. Asubuhi udongo wa Kilimani ulikuwa mgumu kama barabara.

Wiki hii wanunuzi wa mbegu wamekuja. Walichukua viazi kutoka kila pembe ya rundo, wakavikata kimoja kimoja mbele yetu, na yule mkubwa wao, mtu asiyesifu kitu, aliuliza nani alisimamia mavuno. Nikamwonyesha kwa fimbo. Mkataba umetiwa saini. Ardhi haikodishwi, Rosaire. Shamba la Lizotte lipo.

Sasa nimefika mahali palipofanya nichukue karatasi badala ya simu. Vuta kiti karibu na meza.

Odile harudi huko. Aliandika barua ya kuacha kazi katika kampuni ya bima tangu Julai, wakati viazi vinatoa maua. Hakukwambia. Si kwamba anakuficha kwa dharau. Anakuogopa kama mtu anavyomwogopa mtu anayempenda. Utoto wake wote alikusikia ukisema kwamba uliacha bonde hili ili mtoto wako asije kuinama kwenye tuta la viazi, akaona ukisema hivyo macho yako yakitazama upande wa kaskazini. Amenituma nikutayarishe. Hilo amelikubali. Yaliyobaki amenikataza kuyasema, lakini mimi ni mkubwa wake, kwa hiyo nayasema.

Juma lililopita nilikwenda naye kwa mwanasheria mjini Madawaska. Fungu langu la ardhi, lote, nimeliandika kwa jina lake. Sina mtoto, unajua, mimi na marehemu Florine hatukujaliwa, na nilikuwa nimezoea wazo kwamba jina letu litaishia kwenye kaburi langu. Kwa hiyo kuanzia sasa, ukitaka kugombana na mtu juu ya mpaka wa Kilimani, usinigombeze mimi. Mwenzako katika urithi wa Baba ni binti yako. Kilimani bado ni yako. Amenikataza kata kata kukuomba uiuze, uikodishe wala uitoe. Anasema hilo ni neno la kati ya mkulima na mkulima, na atakuja kuliomba mwenyewe, uso kwa uso, theluji ikishafunga mashamba.

Nimefundisha watoto wa bonde hili maisha yangu yote, nimewaona wengi wakiwa hodari. Lakini siku ile nilipokuwa mlangoni mwa ghala nikishika viazi vyako, vya shamba lako, lile lililokushinda wewe na lingenishinda mimi, niliona fahari ambayo sikuwa nimewahi kuionja, na niliona ni wizi kuila peke yangu. Nusu yake ni ya kwako. Ndiyo maana nimeandika.

Atakapokuja nina ombi moja. Usimwulize ameacha nini huko mjini. Usimweleze jinsi ulivyoteseka ili yeye asiteseke, analijua hilo, ndiyo maana amechelewa kusema. Mfungulie mlango, mwache avue buti, kisha muulize kile ambacho Baba alimwuliza kila mkulima aliyevuka kizingiti chetu, kabla hata ya kumwuliza hali yake. Muulize mvua ilikuwaje.

Msalimie Priscille, mwambie majirani wote wanamkumbuka na Bernadette anamsubiri waokote pamoja mwakani. Mungu awalinde katika baridi inayokuja.

Kaka yako akupendaye,
Alcide Lizotte